Kikuku cha Mizunguko Ishirini na Mmoja

Kuvuta waya ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukaa mbele ya bamba la chuma lenye matundu. Mwingine hushika ncha ya waya kwa koleo na kurudi kinyumenyume, polepole, mpaka waya wote upite tunduni na kutoka mwembamba kuliko ulivyoingia. Asubuhi ile Ndahani alikaa kwenye bamba, na mkewe Nyemo alirudi kinyumenyume. Alikuwa amefika karibu na zizi la ndama, hatua kumi na nane, waliposikia bunduki ya kwanza. Nyemo hakuuachia waya, kwa kuwa waya ukiachiwa katikati hujikunja na kazi yote huharibika. Alimaliza hatua mbili zilizobaki, akaweka koleo chini, ndipo akaanza kukimbia.

Waliokuja walikuwa askari arobaini wa boma la Wadachi. Aliyewaongoza ni ofisa mmoja ambaye watu walimwita Bwana Kipimo, kwa sababu kila alipopita alipima: vichwa vya watu, milango ya tembe, pembe za ng'ombe. Kijiji kilikuwa kimekataa mara mbili kutoa wapagazi. Askari waliwapiga risasi wanaume waliotoka na mikuki, kisha wale waliotoka bila mikuki. Walibomoa paa za tembe juu ya wale ambao hawakutoka. Kabla ya adhuhuri kazi ilikwisha na ng'ombe walikuwa wamekusanywa.

Likabaki suala la mapambo. Bwana Kipimo alikuwa mkusanyaji. Kwao kulikuwa na nyumba kubwa ambamo vitu vya watu wa mbali viliwekwa nyuma ya vioo, na kwa miaka minne alikuwa akiipelekea nyumba hiyo hereni, mikufu na vikuku vya Ugogo. Alivipenda kwa dhati. Hapakuwa na Mzungu mwingine aliyeweza kuutazama waya wa shaba na kusema umepita kwenye matundu mangapi. Siku ile aliwaagiza askari wake jambo moja tu, nalo alilirudia mara mbili: vikuku visikatwe, maana kikuku kilichokatwa kimeharibika.

Vikuku vya wanawake wa kijiji kile huviringishwa mkononi siku ya ndoa, waya ukiwa baridi, kuanzia kifundo cha mkono kupanda hadi karibu na kiwiko. Havikutengenezwa vitoke. Vikitoka, hutolewa na mkono uleule ulioviringisha, mvaaji akishakufa. Askari walivuta wakaona havivutiki. Kwa kuwa agizo lilikuwa wazi, walikata mikono.

Nyemo alikuwa ameanguka kando ya zizi, risasi imeingia chini ya bega, na alikuwa bado anahema. Ndahani alikuwa amelala hatua tano kutoka hapo, kitako cha bunduki kimempasua paji la uso. Aliona panga likishuka mara tatu. Panga la kwanza lilikuwa butu, na askari aliomba la mwenzake.

*

Waliosalia walimzika Nyemo jioni ya siku ya pili. Asubuhi udongo wa kaburi ulikuwa umeumuka. Kufikia saa tatu Nyemo alikuwa ametoka mwili wote, amelala hewani kiasi cha goti juu ya kaburi, vumbi likimdondoka. Walimrudisha, wakaweka mawe. Mawe yaliviringika. Walimzika mara ya tatu, wakaongeza mawe makubwa zaidi kutoka mlimani, na safari hii alikaa siku mbili kabla ya kutoka.

Mama yake Nyemo ndiye aliyepata ufumbuzi. Alisokota kamba ya ukili, akaifunga kiunoni mwa mwanawe, na ncha ya pili akaifunga kwenye jiwe la kusagia. Nyemo akapanda mpaka kamba ikanyooka, urefu wa mtu na nusu, akatulia. Alasiri upepo wa Ugogo ulipoanza alielekea magharibi. Mwili wake haukuoza, na nzi hawakumfuata. Mkono wa kulia ulikuwa mzima, na wa kushoto uliishia chini kidogo ya kiwiko.

Katika matanga alikuja Mihayo, Mnyamwezi, mpagazi wa boma. Wanyamwezi ni watani wa Wagogo, na mtani hangoji mwaliko wa msiba. Alijipaka majivu usoni, akasimama chini ya kamba, akatazama juu.

"Nyie Wagogo!" akasema. "Babu zenu waliutoza msafara wa babu yangu hongo hata ya kivuli. Sasa mmelitoza na kaburi? Huyu anangoja kaburi lilipe hongo ndiyo aingie!"

Watu walicheka, kama inavyotakiwa. Mama Nyemo alicheka pia, kisha akakaa chini.

"Mwambieni shemeji yangu Ndahani," Mihayo akaendelea, sasa kwa sauti ya kawaida, "kikuku cha mkewe kipo bomani. Nilikibeba mimi. Tulikuwa wanne, tukapumzika mara sita."

*

Ghala la boma lilikuwa na mizani ya kuning'iniza iliyonunuliwa kwa ajili ya pembe za ndovu. Bwana Kipimo aliitumia kwa mkusanyo wake. Alikuwa ameona kwamba vitu vya aina moja havikuwa na uzito mmoja. Hereni aliyoipata kwa kubadilishana na shanga ilikuwa na uzito wa hereni. Hereni iliyotoka sikioni kwa kuvutwa ilikuwa na uzito wa mtu aliyeivaa. Hakuona haja ya kulizungumza sana jambo hilo. Aliandika uzito kwenye daftari pamoja na urefu na idadi ya mizunguko, na baada ya muda akafikia uamuzi wake: kilicho kizito ndicho halisi, na kilicho chepesi kimetengenezwa ili kuuzwa. Vyepesi alivitupa kwenye kapu karibu na mlango. Aliyetaka aliokota.

Nje ya boma walikuwapo watu waliovuliwa mapambo na kubaki hai. Walikuwa wepesi. Walitembea na mawe ndani ya nguo, na alasiri walishikana mikono.

Ndahani alikuja bomani kwa miguu yake, siku kumi baada ya matanga. Alisema anatafuta kazi. Alipoachwa peke yake ghalani alikichukua kikuku cha Nyemo na kuanza kukiburuta. Kilikuwa na uzito wa Nyemo, na alijua namna ya kumbeba Nyemo, kwa hiyo alifika nacho hadi langoni. Pale walimkamata. Alilazwa juu ya pipa akapigwa viboko ishirini na tano, na askari aliyehesabu alikosea katikati akaanza upya kutoka kumi na tatu.

Bwana Kipimo alikuja kumtazama alipokuwa ameketi ukutani. Hakumtazama mgongo. Aliinama akamtazama vidole.

"Wewe ndiye uliyetengeneza," alisema kwa Kiswahili chake cha pwani. "Una alama ya waya hapa. Na hapa."

Seleman, karani na mkalimani wa boma, alitafsiri kwa Kigogo, ingawa Ndahani alikuwa ameelewa. Seleman alikuwa mtoto wa wafanyabiashara wa misafara, kanzu yake safi siku zote, na alikuwa na desturi ya kutafsiri kila kitu ili baadaye asiambiwe hakutafsiri.

"Ni mimi," Ndahani alisema.

Kuanzia siku ile alikaa ghalani. Kazi yake ilikuwa kusugua kutu kwa mchanga laini na kueleza kila kitu: nani alikitengeneza, nani alikivaa, kwa nini mizunguko hii na si ile. Bwana Kipimo aliuliza vizuri. Alivaa glavu nyeupe ili jasho lisidhuru shaba. Alikishika kikuku karibu na dirisha, akakizungusha taratibu.

"Hapa," alisema siku moja, akionyesha mzunguko wa tisa wa kikuku cha Nyemo, "umebadilisha mkazo. Kwa nini?"

"Mkono unanenepa hapo. Ningekaza kama chini, ungemuumiza akisaga."

Bwana Kipimo aliinamisha kichwa kwa heshima. Maishani mwake Ndahani hakuwahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote. Watu wa kwao walikuwa wakisema kimependeza, basi.

Kila Jumatatu vitu vyote vilipimwa upya. Uzito wa vitu vingine haukubadilika. Uzito wa kikuku cha Nyemo uliongezeka. Wiki ya kwanza kilikuwa frasila tatu kamili, uzito wa mwanamke mzima. Wiki ya tatu, frasila tatu na ratili moja, karibu nusu kilo zaidi. Wiki ya sita, frasila tatu na ratili tatu. Bwana Kipimo alidhani ni kosa la mizani na akaitia mafuta. Seleman aliandika tarakimu bila kuinua macho.

Ndahani aliomba ruhusa ya Jumapili akaenda kwa mama Nyemo. Mkwe na mkwe hawatazamani, wala hawasemeshani moja kwa moja. Aliketi akampa mgongo, jiwe la kusagia likiwa katikati yao, na kamba imenyooka juu.

"Ewe jiwe," alisema, "muulize mama kama mwanawe alimwambia neno."

Mama Nyemo aliendelea kusokota ukili.

"Ewe jiwe, mwambie baba huyo kwamba mwanangu hakusema neno. Lakini alikuwa anakula udongo wa kichuguu. Alikuwa anaficha donge kwenye upindo wa nguo yake, anadhani mimi kipofu."

"Tangu lini?"

"Tangu mtama ulipoanza kukatwa."

Ndahani alihesabu kwa vidole. Hakutazama juu, kwa kuwa mkwe wake alikuwa anatazama juu, na macho yao yangekutana huko.

"Ewe jiwe," mama Nyemo alisema tena, "mwambie akilete hicho kikuku. Nimeshika kamba hii sana. Nataka kumlaza mwanangu chini."

*

Seleman ndiye aliyelitoa wazo. Alilitoa wakiwa wamebaki wawili, huku akinoa kalamu.

"Fundi, wewe mtu wa ajabu. Bwana anakusikiliza kuliko anavyomsikiliza daktari wake. Ukisema kitu kibovu, atakitupa kapuni. Kikitupwa kapuni, naokota mimi. Nani ataniuliza?"

"Si kibovu."

"Nani kasema ni kibovu? Nimesema useme."

Ndahani alieleza kwamba katika ukoo wao fundi haikani kazi yake. Anayekana kazi amemkana aliyeivaa. Seleman alisema kila ukoo una maneno yake, na kwamba ukoo wake mwenyewe ulikataza kuwatumikia makafiri. Akapuliza wino.

Walianza na kitu kidogo. Mzee Matonya, jirani yake Ndahani, alikuwa miongoni mwa wale waliotembea na mawe. Hereni yake ya shaba ilikuwa imevutwa mpaka ndewe ya sikio ikachanika. Ndahani ndiye aliyeifua. Jumatatu ilipoletwa mezani, Bwana Kipimo alisema, "Hii ina umbo zuri sana."

"Hapana, Bwana," Ndahani alisema. "Ni kazi mbovu. Nilikuwa mlevi."

Mshale wa mizani ulishuka. Hereni iliyokuwa na frasila tatu na nusu ikawa na uzito wa hereni. Bwana Kipimo aliitazama kwa masikitiko, akaitupa kapuni.

Jioni ile Seleman aliichukua ndani ya kofia yake akampelekea mzee Matonya. Mzee alifurahi. Sikio la kushoto lilikuwa limechanika, akaivaa la kulia. Kisha akafungua nguo akayamwaga mawe chini, moja baada ya jingine, akijinyoosha mgongo. Jiwe la mwisho lilipoanguka, miguu yake iliachana na ardhi. Mkewe alimshika kifundo cha mguu, lakini mikono yake ilikuwa na mafuta. Alipanda polepole, wima, akiwaambia watu wasipige kelele kwa sababu anawaza. Alipofika juu ya mlima upepo ulimchukua. Neno la mwisho waliloweza kulisikia lilikuwa swali, nani atawafungulia mbuzi.

Asubuhi askari mmoja aliwaambia Ndahani na Seleman habari hiyo langoni. Seleman alirudi ndani akanawa mikono. Ndahani alibaki amesimama. Mgongo wake ulikuwa haujapona, na nguo ilikuwa imegandamana nao.

*

Kiangazi kilipokaribia kwisha ikaja barua kutoka pwani kwamba meli ingeondoka baada ya miezi mitatu. Bwana Kipimo aliamua kuchagua vitu vya mwisho. Kisanduku cha kwanza kilikuwa cha msonobari, kimetandikwa nyasi kavu, na kingechukua kitu kimoja tu, kile kilichokuwa bora kuliko vyote. Vingine arobaini vingefungwa pamoja katika masanduku saba.

Wapagazi wanane waliletwa wajaribu uzito wa sanduku la pili. Walishindwa kulinyanyua. Mmoja wao akasema ndani mna watu. Alipigwa viboko hamsini kwa kueneza uvumi, na alikufa siku ya tatu bila kubadilisha maneno yake. Baada ya hapo sanduku lile lilipewa wapagazi ishirini, likanyanyuka.

Kikuku cha Nyemo kiliwekwa kwenye ndoano ya mizani mara ya mwisho. Frasila tatu na ratili kumi. Bwana Kipimo aliandika mwenyewe. Kisha akavua glavu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakipitishia kidole kuanzia mzunguko wa kwanza hadi wa ishirini na moja.

"Nimeona vikuku mia nne katika nchi hii," alisema. "Nadhani hiki ndicho. Lakini mimi ni mgeni, naweza kukosea. Wewe ndiye fundi. Niambie ukweli. Ni kazi nzuri, au la?"

Seleman alitafsiri. Katika kutafsiri aliongeza maneno yake mwenyewe kwa Kigogo, sauti ileile, uso uleule: "Fundi, sema kibovu. Hata kikiwa chepesi, mama atakuwa na kitu cha kuzika. Hiki kikifika pwani hakirudi."

Nje upepo ulikuwa umeanza. Kupitia dirisha la ghala ilionekana kamba, nyembamba kama unywele kwa umbali ule, na mwisho wake kitu kidogo kinachoyumba. Ndahani alijua kwamba kamba ile ilikuwa na nguvu ya kumzuia mtu ambaye uzito wake ulikuwa mahali fulani. Hakuwa na hakika kama ingemzuia mtu ambaye uzito wake haukuwa popote. Na ratili kumi zile hazikuwa zimefungwa kwa kamba yoyote.

Aliutazama mshale. Ulikuwa unatetemeka kidogo, kama unavyotetemeka mtu anayepima akipumua karibu. Bwana Kipimo alikuwa amesharudi mezani, na hakuna aliyekuwa karibu.

"Ni kizuri," Ndahani alisema kwa Kiswahili, ili pasiwe na haja ya kutafsiri. "Sijatengeneza kizuri kuliko hicho. Sitatengeneza kingine kama hicho."

Mshale ulitulia palepale ulipokuwa.

Bwana Kipimo alimshika bega kwa furaha, pale ambapo viboko vilipita, akasema alijua. Kikuku kikalazwa kwenye nyasi na kuandikwa namba moja.

*

Ndahani aliomba awe mmoja wa wapagazi. Bwana Kipimo alikataa. Alisema mikono kama ile haiwezi kuharibiwa kwa kubeba mizigo, na kwamba mtu anayejua thamani ya mikono hawezi kuruhusu jambo hilo. Alimpa zawadi ya waya mpya wa shaba kutoka Ulaya, umevutwa tayari na mashine, mwembamba na laini, usiohitaji mtu wa kurudi kinyumenyume.

Msafara uliondoka asubuhi, bendera mbele. Kisanduku namba moja kilifungwa chini ya mti mrefu wa kubebea, kama machela ya mgonjwa, na waliokibeba walikuwa wanne. Wa mbele kulia alikuwa Mihayo.

"Shemeji," alimwita Ndahani aliyekuwa amesimama kando ya njia, "mkeo mzito! Mlikuwa mnamlisha nini, mawe ya Ugogo?"

"Udongo," Ndahani alisema.

Mihayo alicheka, kisha akatazama uso wa Ndahani, akaacha. Alibadilisha bega.

"Sitamtikisa," alisema. "Hawa wenzangu nimewaambia, atakayejikwaa nampiga mimi kabla ya askari."

Walipita Marenga Makali, nyika isiyo na maji mazuri, kwa mwendo wa siku tatu. Wapagazi wawili wa sanduku la tano walianguka wakaachwa njiani, na mmoja aliyejaribu kurudi alipigwa risasi. Mihayo hakujikwaa.

Kwa mama Nyemo hakuna kilichobadilika isipokuwa upande. Kabla ya hapo Nyemo alikuwa anafuata upepo. Sasa, hata upepo ukivuma kuelekea magharibi, kamba ililala mashariki, na kila siku ililala zaidi. Mama Nyemo aliburuta jiwe la kusagia mpaka upande wa pili wa ua wake ili kamba isikate pembe ya paa.

*

Tarishi alileta barua siku ya hamsini na mbili tangu msafara uondoke. Ilitoka kwa karani wa ghala la bandarini na ililalamika. Ndahani aliitwa. Bwana Kipimo alikuwa ameketi na daftari la mkusanyo wazi mbele yake, na Seleman amesimama pembeni.

Barua ilisema kwamba kisanduku namba moja kilipofunguliwa ili kukaguliwa, kikuku kilikuwa salama, lakini uzito wake ulikuwa frasila tatu tu, si frasila tatu na ratili kumi kama ilivyoandikwa. Kando yake kulikuwa na kikuku cha pili ambacho hakikuwamo kwenye orodha. Kilikuwa kidogo, cha mtoto mchanga, mizunguko saba, waya uleule na mkono uleule. Uzito wake ulikuwa ratili saba. Ratili tatu zilizobaki hazikujulikana zilikokwenda, ila nyasi za sandukuni zilikuwa zimelowa na ilibidi zitupwe. Karani aliomba maelezo, kwa kuwa meli haipokei kitu kisicho na namba.

Bwana Kipimo alimtazama Ndahani bila hasira.

"Hicho kidogo, umetengeneza wewe?"

"Ni changu," Ndahani alisema.

"Kwa nini hukusema kipo?"

"Kilikuwa bado, Bwana."

Bwana Kipimo alifikiri. Kisha akauliza swali alilouliza siku zote, kwa sauti yake ya upole. "Ni kazi nzuri?"

Safari hii Seleman hakutafsiri.

"Sijakiona," Ndahani alisema.

"Karani anasema ni kizuri kuliko cha kwanza. Anasema watu wa bandarini walikuja kukitazama."

"Basi ni kizuri."

Bwana Kipimo alichovya kalamu, akapiga mstari chini ya arobaini na moja, na kuandika arobaini na mbili. Kwenye safu ya jina la mvaaji hakuandika kitu. Kwenye safu ya namna kilivyopatikana aliandika kama alivyoandika kwenye vingine vyote, kwamba ni zawadi ya wenyeji. Barua ya majibu ilitoka mchana uleule, kwa tarishi yuleyule.

Ndahani alitembea hadi kwa mkwe wake. Aliketi akampa mgongo. Jiwe la kusagia lilikuwa katikati yao, na kamba imelala kuelekea pwani, imekaza hata ikawa inatoa sauti.

"Ewe jiwe," alisema, "mwambie mama kwamba wiki hii au iliyopita..."

"Ewe jiwe," mama Nyemo alimkatiza, "mwambie nimemwona mjukuu wangu. Alitoka wiki iliyopita, alfajiri. Amekaa kwapani mwa mama yake, upande wenye mkono. Lakini Nyemo ana mkono mmoja, na upepo wa huku baba huyo anaujua."

Ndahani hakutazama juu. Alisikia ukili ukisuguana viganjani mwa mkwe wake, haraka haraka. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akashika ncha ya kamba ya pili, ile nyembamba ya mtoto, akaivuta taratibu kila ilipokuwa inasokotwa, ili isijikunje.